Kabla Hujampeleka Mama Daina

Mwaka jana mwezi Mei tulimpeleka mama mmoja wa Moshi kula chakula cha mchana na binti yake, aliyekuwa amemaliza shahada jijini New York. Binti ndiye aliyechagua mahali: daina, yaani mkahawa wa kawaida wa Kimarekani, ila hii ya kisasa, viti vya ngozi nyekundu, kaunta ya marumaru, taa za shaba. Mama alikula vizuri, akayasifu mayai, akauliza kama kuku wao ni wa kienyeji. Bili ilipoletwa akaisoma, akaikunja mara mbili, akaitia chini ya sahani, na hakusema neno tena mpaka tulipovuka mto kurudi Jersey City. Binti aliposhuka dukani ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, niambie ukweli, mwanangu ana madeni?"

Hakuwa na madeni. Alikuwa amedunduliza miezi minne kwa ajili ya mlo ule. Lakini hakuna aliyekuwa amemweleza mama pale ni mahali pa namna gani, kwa nini mayai mawili na viazi ni dola 21, wala kwa nini jumla iliyoandikwa chini ya karatasi ilizidi kwa zaidi ya robo ile aliyoipiga kichwani. Kosa lilikuwa letu. Mgeni wetu tulimfikisha mlangoni, tukamwacha aingie peke yake katika jambo asilolijua.

Sisi ni watu wawili na gari moja la abiria saba. Tunawapokea wageni wanaozungumza Kiswahili kwenye viwanja vya ndege vya Newark na JFK, tunawatafsiria hospitalini na benki, tunawatembeza, na kila mwaka kuanzia katikati ya Mei kazi yetu kubwa ni wazazi waliokuja kwenye mahafali. Zamani watoto waliwapeleka wazazi kwa Wahabeshi au Wahindi, kwa kuwa pilipili na vitu vya mchuzi havimshangazi mtu wa kwetu. Siku hizi wengi wanataka daina, tena si daina yoyote, wanataka hizi mpya za hadhi ya juu. Sababu naielewa. Kijana ameishi hapa miaka minne, na daina ndipo alipokesha akisoma, ndipo alipokula mayai saa nane za usiku alipotoka zamu. Anataka mama ayaone maisha hayo, ila yakiwa yamepigwa pasi.

Haya ninayoyaandika ndiyo tunayowaeleza wateja kwa simu, mmoja mmoja, kila mwaka. Yasomeni kabla ya kuchagua mahali.

Ilianza kama kigari

Mwaka 1872, mjini Providence katika jimbo la Rhode Island, Walter Scott aliegesha kigari cha kuvutwa na farasi nje ya ofisi ya gazeti, akawauzia watu wa zamu ya usiku mayai ya kuchemsha, sandwichi, pai na kahawa. Saa hizo mahali pengine palikuwa pameshafungwa. Mtu wa Dar haelezwi mara mbili: ni mama ntilie juu ya magurudumu, anamfuata mfanyakazi pale alipo.

Baadaye viwanda vikaingia. Kampuni ya Worcester Lunch Car, huko Massachusetts, ilianza 1906, na huku New Jersey Jerry O'Mahony akaanza 1913. Daina ilitengenezwa kiwandani ikiwa nzima, na kaunta yake, viti vyake na jiko lake, kisha ikapakiwa na kupelekwa kiwanjani kwa reli au kwa barabara. Ndiyo maana za zamani ni ndefu na nyembamba. Ilibidi zipite njiani. Wageni wengi huniambia ni mabehewa ya treni yaliyostaafu, na zipo chache zilizotokana na magari ya reli za mijini, lakini nyingi zilizaliwa daina.

Ule wembamba ndio uliozaa karibu kila kitu mtakachokiona. Kaunta moja ndefu, mpishi nyuma yake anakaanga mbele ya macho yako, mhudumu anakufikia kwa hatua mbili. Chakula ni kile kinachoiva juu ya bamba moja la chuma lenye moto: mayai, viazi, pankeki, baga. Kifungua kinywa kinapatikana saa yoyote, hata usiku wa manane. Kahawa inaongezwa kikombe kikianza kupungua.

Katika New York na New Jersey daina nyingi ziliangukia mikononi mwa familia za Wagiriki, nao wakaziendesha kwa bidii kubwa mno. Kile kikombe cha karatasi cha buluu na nyeupe chenye nakshi za Kigiriki, ambacho wageni hupenda kukipiga picha, kilibuniwa 1963 na Leslie Buck, mhamiaji aliyezaliwa Chekoslovakia, kwa kuwalenga wateja hao hao. Menyu ya daina ya Kigiriki ni kitabu. Kurasa kumi, kumi na mbili, kuanzia kimanda hadi samaki wa kuoka, na chochote utakachoagiza kipo. Hilo huwezekana kwa sababu sehemu kubwa ya vitu inasubiri kwenye friza.

Hapo ndipo daina za kisasa zilipochepuka. Empire Diner, iliyo kwenye kona ya Tenth Avenue na mtaa wa 22 huko Chelsea, ni daina halisi iliyoundwa 1946 na kiwanda cha Fodero cha New Jersey. Mwaka 1976 wamiliki wapya waliipamba upya, wakaweka meza nyeusi, mishumaa na piano, na watu wenye nguo za sherehe wakaanza kukaa pale walipokaa madereva. Imefungwa na kufunguliwa zaidi ya mara moja tangu hapo. San Francisco wakapata Fog City Diner mwaka 1985, chuma kinachong'aa na taa za neoni nje, ndani wapishi wa mikahawa mikubwa. Na mwaka 2019, karibu na miguu ya daraja la Manhattan, Sam Yoo alifungua Golden Diner, ambako vyakula vya daina vinapikwa kwa ladha za Kiasia za mtaa wenyewe. Kwenye foleni ya pankeki zake nimesimama mara mbili na sijutii hata dakika moja.

Menyu ya daina ya namna hii ni ukurasa mmoja. Huo ndio mtihani wangu wa kwanza ninapokwenda kukagua mahali kabla ya kumpeleka mteja: ukurasa ukiwa mmoja, jikoni kuna mtu anapika, zikiwa kurasa sita na taa nzuri, mnalipia taa. Viazi vinamenywa pale pale, vinalowekwa, vinakaangwa mara mbili. Nyama ya baga inasagwa asubuhi hiyo. Mkate unaokwa ndani au unaletwa na mwokaji wa jirani. Shira ya pankeki ni ya mti wa maple wenyewe, na kupata lita moja ya shira hiyo huchemshwa kiasi cha lita 40 za utomvu, wakati chupa iliyo mezani kwenye daina ya bei nafuu mara nyingi ni shira ya mahindi iliyotiwa rangi na harufu. Mama wa Moshi aliuliza habari za kuku kwa sababu kiini kilikuwa na rangi ya machungwa, kama cha kuku anayezurura shambani. Jicho lake halikukosea. Rangi ile inatokana na anachokula kuku, na jiko la namna ile huchagua mayai yake kwa makini.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kuhusu kuagiza ni huu: agizeni vitu vya kawaida. Mayai, viazi, pankeki, baga, supu ya kuku. Hapo ndipo utakapoionja pesa yako, kwa sababu unajua kitu hicho kilivyo mahali pengine. Anayeingia daina ya hadhi ya juu akaagiza sahani ya ajabu yenye maelezo ya mistari mitano atashiba, lakini hatakuwa na cha kulinganisha.

Mayai yako vipi?

Hilo ndilo swali la kwanza la mhudumu, na linawababaisha wazazi kuliko lolote. Kwetu yai linakaangwa likaiva, basi. Hapa kuna yai la macho ya ng'ombe lisilogeuzwa, lenye kiini kibichi juu. Kuna linalogeuzwa kidogo tu, kiini bado maji. Kuna linalogeuzwa likaiva nusu. Kuna lililogeuzwa likaiva kabisa. Kuna la kuvuruga, laini kama uji mzito. Kijana akimwagizia mama bila kuuliza, linakuja lile la kiini maji, na mama analisukuma pembeni kwa adabu huku njaa inamuuma. Neno la kumwambia mhudumu mkitaka yai lililoiva kama la nyumbani ni "over hard". Lisemeni bila aibu, mpishi halioni kuwa kosa. Kwa baga, semeni "well done", maana bila hivyo itakuja na wekundu katikati.

Chai ndiyo jambo la pili, na kwa watu wa kwetu si dogo. Ukiagiza chai, yaani "tea", utaletewa kikombe cha maji ya moto, kijifuko cha majani kando, na maziwa baridi kama umeyaomba. Nimewaona wazee wakikitazama kile kijifuko kama mtu aliyepewa dawa bila maelezo. Kuna kinywaji kingine ambacho menyu ya Kiingereza yenyewe hukiita "chai", chenye maziwa na viungo, na hicho kinakaribia chai yetu ya maziwa, ila kwa kawaida kinatokana na shira yenye sukari nyingi ambayo huwezi kuipunguza. Mwenye kisukari asikiguse. Tunachofanya sisi ni kumwomba mhudumu vitu vitatu mbalimbali: chai nyeusi vijifuko viwili, maziwa yaliyochemshwa kwenye jagi dogo, na sukari. Mzee anajichanganyia mwenyewe. Bei huwa ya chai tu, au huongezeka kidogo kwa maziwa.

Maji huja na barafu tele; anayeogopa meno aseme mapema. Mhudumu akiuliza mnataka maji gani, kumbukeni ya bomba ni ya bure na New York ni mazuri sana. Kusema "ya chupa" kwa mazoea ya nyumbani kumewaongezea wateja wangu dola nyingi wasizozitarajia, kwa sababu wageni saba hunywa chupa nne kabla chakula hakijafika.

Kuhusu pankeki, msimwagizie kila mtu sahani yake. Sahani moja huwa na mbili au tatu nene kama mto wa kulalia, zinatosha watu wawili na kubaki. Zina tabia ya chapati za maji zilizoumuliwa, na watoto wa Pwani huzipenda mara moja. Vyakula vya kushirikiana mezani vinakubalika kabisa, ombeni sahani tupu za ziada. Na kinachobaki ombeni mfungiwe. Kufungiwa si aibu hapa, hata penye mishumaa.

Kuna chakula kimoja ambacho hakuna kijana anayekifikiria, nami nakipendekeza kila mara: gritsi. Ni chenga za mahindi zilizochemshwa zikawa kati ya uji mzito na ugali laini, chakula cha majimbo ya Kusini kilichorithiwa kwa wenyeji wa asili wa nchi hii. Daina za kisasa hukiandaa na kamba wa baharini juu. Nimemwona babu mmoja wa Kisii, aliyekuwa amekaa kimya siku mbili nzima tangu ashuke kwenye ndege, akila gritsi kijiko kwa kijiko, kisha akaanza kutusimulia kinu cha kusagia mahindi cha marehemu baba yake. Ulizeni kwanza kilichomo, kwa sababu wengine hutia jibini nyingi, na wengine hunyunyizia bekoni.

Wasiokula nguruwe

Daina ilijengwa juu ya nguruwe. Bekoni, soseji, hamu, na huku New Jersey ile nyama ya kuviringisha ya kifungua kinywa ambayo watu hugombania hata jina lake. Kumwambia mhudumu "bila bekoni" kunatoa bekoni kwenye sahani, hakuitoi kwenye bamba. Mayai yako yanakaangwa juu ya mafuta yale yale. Muislamu na Msabato wote wanahitaji kuliomba jambo hili waziwazi: kikaango safi, mafuta ya mimea au siagi. Jiko la daina ya hadhi ya juu kwa kawaida hulikubali, kwa kuwa wamezoea kuwahudumia wenye mzio. Daina ndogo yenye bamba moja na mpishi mmoja siku ya Jumapili haiwezi, na ni afadhali waseme ukweli.

Yapo yaliyojificha. Ganda la pai huweza kuwa na mafuta ya nguruwe. Maharage yaliyochemshwa, majani ya sukuma yanayopikwa kwa mtindo wa Kusini, na supu nyingine huanza na kipande cha nyama hiyo. Bekoni ya bata mzinga si ya nguruwe, lakini haimaanishi imechinjwa kihalali. Baga na kuku wa daina nyingi si halali. Keki na michuzi huweza kutiwa pombe. Mwenye kushika dini yake kwa makini huwa namwelekeza kwenye samaki, mayai ya kikaango safi, pankeki na saladi, nami hupiga simu jikoni siku moja kabla na kuzungumza na mpishi mwenyewe, si na anayepokea wageni mlangoni. Mteja akitaka nyama ya halali na sura ya daina kwa pamoja, namwambia wazi kwamba machaguo ni machache, nami namtajia ninayoyajua.

Wakati wa Ramadhani hali hugeuka: daina za zamani zinazokesha ndizo zinazotufaa, tunapeleka familia kula daku saa kumi za usiku, mayai na viazi na chai nyingi.

Bili

Sasa ile karatasi iliyokunjwa mara mbili. Tuchukue mfano wa watu wanne Manhattan: baga mbili za dola 24, kimanda cha dola 21, pankeki za dola 19, na kahawa nne za dola 5. Mtu akijumlisha menyu anapata dola 108. Hiyo ndiyo hesabu aliyoifanya mama. Menyu za hapa haziandiki kodi. Kodi ya mauzo ya jiji la New York ni asilimia 8.875, yaani dola 9.59. Kisha bakshishi, ambayo siku hizi katika mahali pa namna hii ni asilimia 18 hadi 20. Kwa asilimia 20 ni dola 21.60. Mnatoka mkiwa mmelipa dola 139.19. New Jersey kodi ni asilimia 6.625, nafuu kidogo.

Bakshishi inawaudhi wazazi wengi. Kwetu ni ihsani, unampa kijana aliyekuhudumia kwa moyo wako, na usipompa hakuna aliyekosewa. Hapa ni mshahara uliohamishiwa mezani kwako. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, na kiwango hicho hakijasogea tangu 1991. Bakshishi isipomfikisha kwenye kima cha chini, mwajiri anapaswa kujazia. New York na New Jersey zinadai mwajiri alipe zaidi ya hapo, ila hata huku bakshishi huhesabiwa ndani ya kima cha chini. Mimi mwenyewe nilihudumia mezani miaka mitatu nilipofika nchi hii, kwa hiyo nalisema hili kwa uzito: msiondoke bila kuiacha. Kama bajeti haitoshi pamoja na bakshishi, basi mahali hapo hapatoshi bajeti, na tutawatafutia pengine pazuri.

Njia fupi kwa New York: zidisha kodi mara mbili, utapata karibu asilimia 18. Lakini kwanza isome bili. Kundi la watu sita au zaidi mara nyingi huongezewa bakshishi moja kwa moja, na mashine ya kadi bado itakuuliza unataka kuongeza kiasi gani. Familia moja tuliyoisaidia ililipa mara mbili kwa namna hiyo, na walipogundua walikuwa wameshafika uwanja wa ndege.

Fedha taslimu zinapokelewa. Tangu 2020 sheria ya jiji la New York inawazuia wenye mikahawa kukataa fedha taslimu za mteja, ingawa wanaweza kukataa noti kubwa kuliko ya dola 20, na New Jersey ilitangulia 2019 kuzuia kukataliwa kwa fedha taslimu. Mzazi aliyekuja na dola zake kwenye bahasha asiambiwe hazina kazi.

Saa na meza

Daina ya zamani unaingia unakaa. Ya kisasa, hasa Jumamosi na Jumapili kati ya saa nne na saa nane mchana, inahitaji meza iliyowekwa mapema, na masharti yake hayafanani na desturi zetu. La kwanza: meza haitolewi mpaka watu wote, au karibu wote, wamefika. Sisi tunatangulia wawili, tunaagiza soda, wengine wanafika mmoja mmoja wakisalimiana. Hapa wawili hao watasimamishwa mlangoni, na baada ya dakika kumi na tano meza inapewa wengine. La pili: meza ina muda wake, mara nyingi dakika 90. Niliwahi kukaa na familia ya watu wanane mahali fulani, sala ya chakula na hotuba ya baba mzazi vilichukua nusu saa, na wakati mzee mwingine anasimama kutoa nasaha, meneja alikuja kutuambia kwa tabasamu kwamba muda umekwisha. Nilitamani ardhi inimeze. Tangu siku ile hotuba tunazifanyia bustanini kabla ya kula, au tunaomba chumba cha pembeni, au tunachukua meza ya saa tisa mchana, wakati hakuna anayetusukuma.

La tatu: wengine huchukua namba ya kadi unapoweka nafasi, na usipotokea wanakata kiasi kwa kila kichwa. Tukiweka nafasi sisi, kadi ni yetu, lakini mkiahirisha ndani ya saa 24 mnaturudishia kilichokatwa.

Na jambo dogo kuhusu viti. Vile vya benchi vyenye migongo mirefu vinavyotazamana, ambavyo kila mtu huvitaka kwa ajili ya picha, vimefungwa sakafuni na meza pia imefungwa. Mzee mwenye magoti mabovu au mama mwenye mwili hataweza kujipenyeza bila taabu, na kutoka ni kazi zaidi. Viti virefu vya kaunta navyo havina mgongo. Kwa wazee ombeni meza ya kawaida yenye viti vinavyosogea. Watu wawili wazima wa afya, kaeni kaunta. Ndiyo sehemu bora kuliko zote, kwa sababu mnamwona mpishi akivunja mayai kwa mkono mmoja huku mwingine ukigeuza viazi.

Tunachofanya

Huduma yetu ya chakula cha mahafali ni hii. Tunauliza maswali kuhusu wageni: umri, magoti, sukari, presha, dini, wanachokula na wasichokula. Tunapendekeza mahali pawili au patatu tulipokwisha kula kwa pesa zetu wenyewe, na tunawapa makadirio ya bili yakiwa tayari na kodi na bakshishi, kwa dola na kwa shilingi, ili mzazi asikutane na namba ngeni mezani. Tunaweka nafasi, tunaongea na jiko, tunakuja kuwachukua, na mkitaka mmoja wetu anakaa nanyi kutafsiri menyu. Mkitaka mle wenyewe kama familia, tunawasubiri nje. Hatuchukui kamisheni kwa mkahawa wowote, na anayetupa ofa ya kamisheni tunamfuta kwenye orodha.

Lipo jambo moja ambalo mara nyingi tunalipinga. Msimpeleke mzazi daina siku aliyoshuka kwenye ndege. Amesafiri zaidi ya saa ishirini na tumbo lake bado liko Kilimanjaro. Siku ya kwanza mpikieni wali. Ya pili, mpelekeni kwenye daina ya zamani ya mtaani kwenu, ile mliyokula mkiwa na dola kumi mfukoni, akae kaunta, aongezewe kahawa na mhudumu anayewajua kwa majina. Ile ya marumaru na taa za shaba iwe ya tatu au ya nne. Mama atakuwa ameshaijua daina ilivyo, na mayai ya dola 21 atayala akijua yametofautiana wapi na yale ya dola 9.

Kwa mahafali ya Mei, tuandikieni kabla ya Aprili kwisha. Mtutumie tarehe, idadi ya watu pamoja na watoto wachanga, na kiasi ambacho kijana amekiweka, hata kama ni kidogo. Hicho kiasi hatumwonyeshi mzazi.